Pima kiti cha magurudumu kabla ya kuulizia bei ya gari

Ukikaa Mwatate, safari hazikosi. Leo ni kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, kesho ni shughuli Wundanyi, Jumamosi kuna harusi Bura. Kwa familia yenye mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kila safari ya matatu inaanza na maswali. Dereva atasubiri? Kiti kitakaa wapi? Kitatozwa nauli? Ndiyo maana familia nyingine huamua kuweka akiba pole pole hadi wapate gari lao.

Shida ni kwamba wengi wetu huanza na bei. Sisi tunasema anza na tepu ya kupimia. Gari la bei poa ambalo nyanya hawezi kuingia ni gari ghali.

Swali la kwanza

Pima kiti kikiwa kimekunjwa: urefu, kimo na unene. Angalia pia uzito wake. Viti vya chuma vya aina ya hospitali mara nyingi huwa kati ya kilo 15 na 20, na kuna mtu atakayekiinua kila safari.

Kisha jiulize: mwenye kiti atahamia kwenye siti ya gari, au atasafiri akiwa amekaa kwenye kiti chake? Jibu la hapo ndilo linalochagua gari.

Kama atahamia kwenye siti

Toyota Probox na Succeed ni magari ya watu watano yenye buti kubwa, na kiti kilichokunjwa hulala nyuma bila kumfukuza abiria. Vipuri vyake havisumbui kupata. Ubaya wake ni milango ya kawaida: inahitaji nafasi ya kufunguka, na anayemsaidia mgonjwa anabanwa katikati.

Toyota Sienta na Honda Freed, nyingi zikiwa na injini ya 1500cc, zina milango ya nyuma inayoteleza kama ya matatu. Unaweza kusogeza kiti hadi karibu kabisa na siti. Toyota Porte nayo ina mlango mmoja mpana wa kuteleza upande wa kushoto, ule wa kando ya barabara, ambako abiria hushukia.

Lakini usidanganyike na maneno “siti saba”. Siti za nyuma kabisa zikiwa na watu, buti karibu linaisha. Kwa Sienta, hesabu watu watano pamoja na kiti, labda sita ukikunja siti moja tu ya nyuma. Kama kwenu lazima mwende sita au saba na kiti juu, angalia Toyota Noah, ambayo unaweza kukunja upande mmoja wa siti za nyuma na kuacha ule mwingine. Ila kumbuka Noah ni 2000cc, kwa hivyo itakunywa mafuta zaidi.

Kama atabaki kwenye kiti chake

Hapo unahitaji gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Toyota huuza Japani magari yanayoitwa Welcab. Baadhi yana rampu nyuma, mengine yana siti inayotoka nje na kushuka. Ukipata lililotumika, jaribu kila kitu: rampu inashuka? Mikanda ya kufunga kiti sakafuni iko yote? Mkanda wa mtu mwenyewe je? Usikubali kumsafirisha mtu kwenye kiti ambacho hakijafungwa, hata kama ni hapo Voi tu.

Jaribu mlimani

Barabara ya Mwatate hadi Voi haina shida kubwa. Mtihani uko kwenye kona za kupanda Wundanyi. Ukiwa na watu watano na kiti, injini ndogo ya 1000cc itahema. Jaribu gari likiwa limejaa, si dereva peke yake, na usikilize breki wakati wa kushuka.

Linda pesa zako

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ukiwa na bajeti ndogo, basi, huenda utanunua gari ambalo tayari lina namba ya Kenya. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Tafuta rekodi ya gari kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Ada yake haifiki Sh1,000 na unalipa kwa simu. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia.
2. Usitume arubuni “ya kushikilia gari” kabla hujaliona. Broka akikuharakisha, hiyo ni dalili mbaya.
3. Simu ina kikomo: Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Salio kubwa lipitie benki, kwa akaunti ya mwenye gari.
4. Hifadhi kila ujumbe wa malipo, na muandikiane mkataba.
5. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki mtandaoni mkiwa pamoja, kabla hujamaliza kulipa.

Usisahau msamaha wa ushuru

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu msamaha wa ushuru kwa gari lililotengenezwa au kurekebishwa kwa mtu mwenye ulemavu. Anza kwa kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha uombe KRA kabla ya kuagiza gari. Mtu akitaka “kuazima” kadi ya mgonjwa wako ili aingize gari lake, kataa. Nafasi hiyo ni ya mgonjwa, na siku mambo yakiharibika jina litakaloitwa ni lake.

Mwisho, usiende yadi peke yako. Nenda na mwenye kiti, aingie, akae, ashuke mara mbili tatu. Akisema goti linagonga dashibodi au hawezi kushuka bila kubebwa, endeleeni kutafuta. Pesa bado ziko kwenye simu yako, na hapo ndipo zina nguvu zaidi.