Sola nyumbani: jua ni bure, betri je?

Mwezi huu nina la kuungama. Betri ya sola ya nyumbani kwetu niliiua mimi, na kwa wiki mbili nzima nikamwacha mume wangu amlaumu fundi.

Tuanze mwanzo. Mwishoni mwa mwaka 2023, wakazi wa Dar mnakumbuka, mgawo wa umeme ulirudi kwa nguvu zote. Unatoka kazini umechoka, joto lenyewe mnalijua, feni imelala, mtoto analia. Luku ina uniti kibao lakini ndani giza totoro! Septemba ile Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amempa bosi mpya wa TANESCO miezi sita tatizo liwe limekwisha. Baba Naima akasema, "Mama Naima, mimi miezi sita sisubiri." Jumamosi yake tukaenda Kariakoo.

Muuzaji alikuwa na maneno matamu kuliko asali. Paneli mbili, inveta, betri moja ya ampea 100 na nyaya zake: milioni moja na laki moja na nusu. Laki tano kati ya hizo zilitoka kwenye kibubu changu, pesa za makabati ya jikoni. Nikauliza, itabeba friji? Akacheka. "Dada, hii inabeba nyumba nzima!" Risiti ya kuandika kwa mkono, garantii ya mdomoni. Na sisi wasomi wazima tukaondoka tunatabasamu.

Fundi aliyekuja kufunga, kijana wa mtaani kwetu, ndiye aliyesema ukweli. "Dada, hapa ni taa, tivii na feni kidogo. Friji usiguse." Baba Naima akamlipa nusu, nusu iliyobaki akaahidi mwisho wa mwezi.

Usiku wa samaki

Mwenzangu, siku ya siku Baba Naima akasafiri kikazi Mwanza. Friji limejaa samaki na kuku wa birthday ya Naima, umeme umekatika tangu asubuhi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikachomeka. Friji likanguruma, nikajiona mjanja. Tangu hapo kila umeme ukikatika na bwana hayupo, nachomeka. Akikaribia kurudi, nachomoa.

Ilipofika Februari 2024 taa zikawa zinawaka dakika ishirini, zinazima. Baba Naima akapandwa na hasira. Akaapa kwamba fundi kafunga vibaya na hela yake iliyobaki, shilingi elfu 80, haipati ng'o. Mimi kimya. Yule kijana akawa anapita getini jioni, ananiamkia kwa heshima, "Shikamoo dada," halafu anauliza kwa upole kama kaka yupo. Jamani, shikamoo ile ilikuwa inanichoma kuliko matusi.

Siku ya kumi na nne nikamwambia mume wangu yote. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mtoto wa watu tumemnyima hela yake bure?" Usiku huo huo tukaenda kumlipa na kumwomba radhi, wote wawili.

Hesabu tuliyopaswa kufanya mapema

Fundi hakuweka kinyongo. Alikaa nasi sebuleni, akachukua daftari la Naima akatufundisha. Betri ya volti 12 na ampea 100 ina kama wati 1,200 za saa moja. Lakini betri hizi za risasi na asidi ukizikamua zaidi ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema. Kwa hiyo unazo 600 tu. Taa tano za wati 9 kwa saa tano ni 225. Tivii ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Feni ya wati 50 kwa saa mbili, 100. Jumla 565, umemaliza! Friji la kawaida peke yake linaweza kula 1,000 au zaidi kwa siku.

Halafu ikaja hesabu iliyoniuma zaidi. Hizo 565 kila siku ni kama uniti 17 kwa mwezi. Kwa bei ya luku tuliyokuwa tunalipa, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, tunaokoa shilingi 6,000 hivi kwa mwezi. Kurudisha milioni moja na ushee itachukua zaidi ya miaka 15. Paneli inaweza kudumu miaka 25, sawa, ila betri ya aina ile ukiitunza sana utaibadilisha mara kadhaa kabla ya hapo.

Kwa hiyo shoga, kwa sisi wa mjini wenye luku, usidanganywe kwamba sola ndogo ni ya kubana matumizi. Unanunua utulivu. Kwa mama mkwe wangu kijijini, ambako nguzo hazijafika, hesabu ni nyingine kabisa: taa tatu na chaji ya simu zimemtoa kwenye kibatari.

Siasa nazo zimo

Mwezi ule ule betri yetu ilipokufa, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha megawati 235. Mitambo yote tisa ni megawati 2,115. Mgawo ukaisha, Baba Naima akalalama, "Bora tungesubiri!" Lakini usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ikaanguka. Umeme kuwa mwingi ni jambo moja, kukufikia ni lingine.

Na wewe unayejenga pembezoni, fuatilia bajeti. Kuunganishiwa umeme kulikuwa shilingi 27,000, lakini Januari 2022 kwa mjini kukawa 320,960, tena kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 isiyohitaji nguzo. Wenzetu Kenya walirudishiwa VAT kwenye vifaa vya sola mwaka 2020, mwaka uliofuata ikaondolewa. Jua halipandi bei, vifaa vyake vinapanda na kushuka kwa mkono wa wabunge.

Kabla hamjafungua pochi

1. Andikeni pamoja kila kitu kitakachowashwa, wati zake na saa zake. Pasi, heater na friji mvitaje kwa majina.

2. Mtafuteni fundi kabla ya muuzaji.

3. Garantii iwe kwenye karatasi yenye mhuri, hasa ya betri.

4. Wekeni akiba ya betri ijayo kuanzia mwezi wa kwanza.

5. Kama pesa imetoka kwenye kibubu cha mmoja, semeni wazi ni mchango au ni deni.

Betri mpya tumenunua nusu kwa nusu. Makabati yangu bado nayasubiri. Ila juu ya swichi ya inveta kuna karatasi, mwandiko wa Baba Naima: "Friji hapana." Chini yake nimeweka sahihi yangu.