Kuziba na Kuunga: Ufa wa Mkukuni na Msamiati wa Ukarabati wa Vyombo vya Tanga

1.0 Utangulizi

"Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni miongoni mwa methali za mwanzo anazofundishwa mtoto katika jamii ya Waswahili. Hekima yake haina shaka pale ufa ulipo kwenye ukuta wa udongo. Hata hivyo, iko kazi moja ya ufundi ambamo kuifuata methali hiyo neno kwa neno kunaweza kuwazamisha watu. Kazi hiyo ni ukarabati wa ufa unaotokea mahali ambapo mkuku wa yoti, yaani mashua ya tanga ya mashindano au ya matembezi, unakutana na kiwiliwili cha chombo. Mhadhara huu unafafanua ufa huo, unyevu unaoandamana nao na namna ya kuukarabati. Aidha, unaonyesha kwamba tofauti baina ya vitenzi viwili vya Kiswahili, kuziba na kuunga, ndiyo tofauti baina ya ukarabati wa kweli na ukarabati wa macho.

2.0 Neno moja, vitu viwili

Katika jahazi linaloundwa Matondoni, Lamu, au Nungwi, Unguja, mkuku ni gogo refu la chini ambalo mbao na mataruma hujengwa juu yake. Mwanya uliopo baina ya mkuku na ubao wa kwanza hushindiliwa pamba iliyotiwa mafuta, kwa nyundo na chembeu. Huko ndiko kukalafati. Kisha sehemu ya chini ya chombo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Chombo kishushwapo majini, mbao huvimba na kuibana pamba. Uzibaji huo ni ukarabati uliokamilika, kwa sababu pamba haibebi mzigo wowote. Mzigo hubebwa na misumari, mataruma na mkuku wenyewe.

Yoti ya faiba haikuundwa hivyo. Kiwiliwili chake hufinyangwa katika kalibu kwa nyuzi za kioo na gundi ya kemikali. Katika yoti nyingi za leo, mkuku ni pande la chuma au risasi lililotundikwa chini ya kiwiliwili hicho kwa bolti, ambazo nati zake hukazwa ndani, kwenye ngama. Kazi ya pande hilo ni kuwa uzito wa kukabiliana na nguvu ya upepo tangani, ili chombo kinapolala upande kiweze kuinuka tena.

Kwa mtazamo wa semantiki, hapa pana upanuzi wa maana unaohitaji hadhari. Mkuku wa jahazi hubeba chombo. Mkuku wa yoti hubebwa na chombo. Neno ni lile lile, lakini uhusiano wa kitu na mzigo wake umegeuzwa. Kitenzi kalafati kina ndugu zake katika Kiarabu, Kireno na Kiitaliano, na mahali pote huko hutaja uzibaji wa mianya ya chombo. Anayekihamishia kwenye mkuku wa yoti bila kufikiri huhama pia na dhana kwamba palipovuja ni pa kuzibwa tu.

3.0 Kuusoma ufa

Ufa wa mkukuni huanza kama mstari mwembamba katika rangi, mara nyingi upande wa mbele wa kiungo. Mstari huo waweza kuwa hauna madhara, kwa kuwa chuma na faiba havitanuki wala kupindika kwa kiasi kimoja, na rangi iliyopita juu yake haina budi kupasuka. Waweza pia kuwa dalili ya bolti zilizolegea. Macho peke yake hayatoshi kuamua.

Jaribio la kwanza ni kukitazama chombo katika hali mbili. Chombo kilichopandishwa nchi kavu huukalia mkuku wake, na uzito hulifumba pengo. Kikiinuliwa kwa winchi, mkuku huning'inia, na pengo lililojificha hufunguka. Jaribio la pili ni kuyachunguza maji. Siku kadhaa baada ya chombo kutolewa baharini, kiungo kinachoendelea kudondosha maji, hasa yenye rangi ya kutu, kinaonyesha kwamba bahari imefika kwenye bolti. Maji ya ngama nayo hupimwa kwa chumvi yake, kwani maji baridi yaweza kuwa ya mvua au ya tangi. Kipima unyevu husaidia, ila husoma vibaya karibu na chuma au juu ya uso uliolowa. Jaribio la tatu hufanyika ndani: kuzizunguka nati, kutafuta nyufa na kutu, na kukagua kama mataruma ya faiba yamebanduka kutoka kwenye kiwiliwili.

Hatari kubwa haionekani. Chuma kisichoshika kutu hupata kinga yake kutokana na oksijeni. Kikifungiwa ndani ya maji yaliyotuama, kinga hiyo hupotea na chuma huliwa. Bolti yaweza kung'aa kichwani, ilhali kiuno chake kimekonda.

4.0 Hatua za kuunga

Iwapo ufa ni wa rangi tu, na bolti ni nzima, fundi hukaza nati kwa kipimo kilichowekwa na mtengenezaji, kisha hurekebisha uso. Iwapo maji yamepenya, kazi sahihi ni kuushusha mkuku. Mkuku hushikizwa imara, nati hufunguliwa, na kiwiliwili huinuliwa taratibu. Bolti hukaguliwa urefu wake wote, na zilizoharibika hubadilishwa. Faiba iliyolowa au kupasuka husagwa hadi kufikia sehemu nzima, huachwa ikauke, kisha hujengwa upya kwa vitambaa vya nyuzi za kioo na epoksi. Mataruma yaliyobanduka huunganishwa tena. Baada ya hapo tu ndipo kiungo hupakwa dawa mpya ya kuzuia maji, na nati kukazwa kwa hatua. Kuziba, basi, ni tendo la mwisho, si la kwanza.

5.0 Funzo la mwaka 2014

Mwezi Mei 2014, yoti ya Uingereza iliyoitwa Cheeki Rafiki, ambayo neno la pili la jina lake litatambuliwa na kila msomaji wa Kiswahili, ilipinduka katika Atlantiki ya Kaskazini ikitoka Antigua kuelekea Southampton. Mabaharia wanne walipotea. Kiwiliwili kilionekana baadaye kikiwa kifudifudi, bila mkuku. Ripoti ya MAIB, taasisi ya Uingereza ya uchunguzi wa ajali za baharini, iliyotolewa mwaka 2015, ilieleza kwamba huenda matukio ya awali ya chombo kupwelewa, pamoja na matengenezo yaliyofuata, yalikuwa yamedhoofisha mahali mkuku uliposhikana na kiwiliwili. Pia haikuondoa uwezekano wa bolti moja au zaidi kuwa zimechakaa.

6.0 Hitimisho

Kiswahili kina kitenzi kinachostahili kazi hii. Mfupa uliovunjika hauzibwi. Huungwa, na mwungaji hushughulika na kilichovunjika chini ya ngozi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na ile ya Sacleux zimehifadhi hazina kubwa ya istilahi za vyombo. Wajibu wa wanaleksikografia wa leo si kuzinukuu istilahi hizo tu, bali pia kubainisha mipaka ya kila moja pale inapokabidhiwa kitu kipya. Methali nayo haijakosea. Ukuta wa udongo hubeba mzigo wake, na mwenye nyumba anayeuziba ufa mapema huuwahi ukuta ungali umesimama. Kwa mkuku wa yoti, kuwahi ni kuufungua ufa, kutazama ulikotoka, kuunga, ndipo kuziba.