Moyo Hutibiwa Bila Kupasua Kifua

Zamani mtu ambaye vali ya moyo wake imeziba alikuwa na njia moja tu ya kutibiwa, nayo ni kupasuliwa kifua. Kwa mzee, mama mjamzito au mtu aliyedhoofika, njia hiyo ilikuwa ya hatari kubwa. Leo hali imebadilika.

Vali ni milango ya moyo, ifungukayo upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Mwaka 1982 daktari wa Kijapani, Kanji Inoue, alianza kuifungua kwa puto. Mrija mwembamba huingizwa katika mshipa wa damu kwenye kinena, ukasukumwa hadi moyoni, huku daktari akiutazama kwa eksirei. Puto lililo kwenye ncha ya mrija hujazwa, vali iliyoshikamana ikaachana, kisha puto hutolewa. Mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Alain Cribier alipitisha mrija vivyo hivyo na kuweka vali mpya penye mlango wa mshipa mkuu wa damu, kwa mgonjwa asiyeweza kustahimili kupasuliwa.

Nchini Uganda matibabu ya puto hutolewa na Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, Kampala. Vali mpya kama ile ya Cribier ni ya gharama kubwa mno, tena huwafaa zaidi wazee ambao vali zao zimekakamaa kwa umri. Adui mkubwa wa vali hapa nchini ni mwingine, naye hushambulia vijana.

Adui huyo huanzia kooni. Mtoto wa Busiu huumwa koo, wazazi wakadhani ni mafua tu. Baada ya wiki mbili au tatu viungo huvimba na kuuma: hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Kila irudipo, huweza kuacha kovu katika vali. Miaka kadhaa baadaye binti huyo hushika mimba, akashindwa hata kulala chali kwa kukosa pumzi.

Hata hivyo, adui huyo huzuilika. Utafiti uliofanywa Gulu, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021, uliwahusu watoto wenye dalili za mwanzo. Kati ya watoto 399 waliochomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, ugonjwa ulizidi kwa 3 tu. Kati ya 400 ambao hawakuchomwa, ulizidi kwa 33.

Jambo hili linawahusu hasa askari wa jeshi na wa polisi, ambao huhamishwa mara kwa mara pamoja na jamaa zao. Kadi ya sindano ikisahauliwa Mbale, mtoto hukosa kinga huko Jinja. Askari haachi lindo kabla ya kupokewa na mwenzake. Vivyo hivyo, mzazi asiihame kambi kabla ya kujua ni zahanati gani itakayompokea mtoto wake. Puto la Mulago huokoa aliyekwisha kujeruhiwa. Sindano humzuia adui asivuke mpaka.