Picha Zilizoifunga Programu

Jumapili moja chama chetu cha kuweka na kukopa kilikutana, na mweka hazina akachukua simu atuonyeshe hesabu. Programu ile ilitengenezwa na kijana wa papa hapa kijijini. Kila mwanachama ana jina lake, akiba yake na picha ya uso wake. Ikafunguka, ikazubaa, ikajifunga. Mara ya tatu watu wakaanza kunong'ona kwamba mama yule ana lake jambo.

Fedha zilikuwapo zote. Kosa lilikuwa katika picha.

Picha iliyowekwa katika ghala la simu ni kama mkeka uliokunjwa, umeegemezwa ukutani, haumsumbui mtu. Tangu mwaka 1992 iko kanuni iitwayo JPEG ya kuikunja hivyo, kwa kuyaacha yale ambayo jicho haliyatambui sana. Lakini mkeka uliokunjwa haukaliwi. Kuitazama picha ni lazima itandikwe, nayo hutandikwa katika kumbukumbu ya kazi, ambayo ni ndogo kuliko ghala.

Haya, msomaji, tupige hesabu. Picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ina nukta milioni 12. Kila nukta ikitandikwa hutaka baiti 4. Basi ni megabaiti 48, ijapokuwa ghalani ilichukua 3 au 4 tu! Sisi tu watu 30: megabaiti 1,440. Simu ile ina kumbukumbu ya gigabaiti 2, na programu nyingine zinakula humo humo. Simu ikielemewa, huifunga programu. Na uso wenyewe waonekana mdogo kama ukucha.

Kijana hakubisha, nami nampa heko. Alizipunguza picha zikawa za nukta 200 kwa 150, akaweka hizo ndogo na kuzifuta zile kubwa. Sasa kila moja ikitandikwa ni kilobaiti 120, na watu wote 30 hawafiki megabaiti 4. Ghala nalo likapata nafasi.

Sisi tusiotengeneza programu tunaweza kupunguza ukubwa wa picha katika kamera ya simu, na kuizuia WhatsApp isipakue yenyewe kila picha inayotumwa.

Jumapili iliyofuata mweka hazina alisoma hesabu yote bila kukwama. Mmoja wa wale walionong'ona alikuwa na neno moja tu: picha yake ipigwe upya, maana alikuwa amefumba macho.