Bima ya Boti (3): Mfuko wa Mwenyewe

Wiki iliyopita tulimwacha mwenye boti wetu wa kubuni, mkazi wa Frere Town, akishikilia kwamba kampuni ya bima haina faida kwake. Ana boti sita. Moja ikipatwa, tano zitailipia.

Hoja yake haina upuuzi. Hata mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli, uliopitishwa Nairobi mwaka 2007, unamruhusu mwenye meli ya tani 300 na zaidi kuleta dhamana nyingine ya fedha, kama ya benki, badala ya bima. Lakini dhamana hiyo huonekana na hushikika. Kujibimia ni kutenga fedha mahali ambapo mwenyewe hazigusi karo ya watoto ikimbana, na aliyeumia anaweza kuzifikia. Anayesema "yakitokea nitalipa" hana bima, basi.

Kwa mashine iliyoungua, au boti iliyotoboka kwenye miamba ya Nyali, mfuko wa ndani watosha. Hasara hizo ni ndogo na huja mara kwa mara, kwa hiyo zinapangika. Shida ni abiria.

Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, huishia barabarani. Humo kikomo cha lazima kwa madai ya mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Tuchukue nusu yake tu, kwa boti iliyozama na abiria 12: milioni 18. Akiweka 50,000 kila mwezi, atazifikisha baada ya miaka 30, na bahari haina kalenda hiyo. Feri ya Mtongwe ilipopinduka Aprili 29, 1994, walikufa watu 272 kwa safari moja. Wingi wa vyombo haupunguzi uzito wa msiba mmoja.

Waingereza walikwisha kukutana na jambo hili. Sheria yao ya 1846 iliwapa jamaa za marehemu haki ya kudai fidia. Kufikia 1855 wenye meli walikuwa wameunda chama cha kwanza cha kubebana madai. Wenye boti wa Kisauni wangeweza kufikiria hivyo hivyo, ila wajue kwamba anayekusanya michango ili kubeba hatari za wenzake ameingia biashara ya bima, na Sura ya 487, sheria ya bima, inamtaka awe na leseni.

Sehemu ya nne itahusu masharti ya leseni hiyo.