Stima ya Juu na Stima ya Chini: Kwa Nini Zisikutane?

Siku moja ukipita hapa kwetu Riruta, iwe ni kando ya Naivasha Road ama kwenye vichochoro vya kuelekea Kawangware, simama kidogo uangalie mlingoti wenye transfoma. Juu kabisa utaona waya tatu zilizokalia vikombe vya kauri. Katikati kuna lile sanduku la chuma. Chini yake hutoka waya zingine, nne ama zile nyeusi zilizosokotwa pamoja, na hizo ndizo zinazoingia manyumbani.

Wengi wetu tunasema tu, "Hiyo ni stima." Lakini hapo kuna stima mbili. Ile ya juu ina volti 11,000. Ile ya chini ina volti 415 kati ya waya na waya, na 240 ndizo zinazofika kwenye soketi yako. Yaani ya juu inazidi ya nyumbani karibu mara 46. Hata hiyo 240 inaua. Je, hiyo nyingine?

NINI HUZITENGANISHA?

Kwanza ni nafasi ya hewa. Stima ya volti nyingi haingoji uishike. Ukisogeza chuma karibu, inaweza kuruka. Ndiyo sababu huwekwa juu, mbali na watu.

Pili ni vile vikombe vya kauri, ambavyo havipitishi stima.

Tatu ni mafuta. Ndani ya transfoma kuna misokoto miwili ya waya, mmoja wa volti nyingi na mmoja wa volti kidogo. Nguvu hutoka mmoja hadi mwingine kwa njia ya sumaku, kupitia chuma kilicho katikati. Kinachozuia misokoto hiyo kugusana kistima ni karatasi maalum na yale mafuta, ambayo pia huipoza transfoma. Anayeiba mafuta ya transfoma, basi, anabomoa ukuta kati ya volti 11,000 na nyumba yako.

Nne ni waya wa shaba unaoteremka mlingotini hadi ardhini. Ikitokea stima ya juu imegusa ya chini, waya huo huipeleka ardhini, fyuzi ikatike. Ukikatwa ukauzwa kwa chuma kuukuu, hiyo stima itatafuta njia nyingine: televisheni, friji, ama mkono wa mtoto.

TRANSFOMA ZA CHINI JE?

Penye maghorofa mengi, transfoma nyingine huwekwa chini, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Ndani yake upande wa volti nyingi hutengwa na ule wa volti kidogo kwa ukuta. Zile zilizoundwa kwa mtindo wa Marekani zina mpango mzuri: mlango wa volti nyingi haufunguki mpaka ule wa volti kidogo ufunguliwe kwanza. Hivyo fundi aliyekuja kuangalia laini za nyumba hawezi kujikuta mbele ya volti 11,000 kwa bahati mbaya. Kufuli ikivunjwa, ama watoto wakipenyeza fito za chuma, mpango huo wote ni bure.

Usidhani ni lazima kosa liwe kubwa. Mnamo Juni 7, 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Nchi yetu ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Kama tumbili anaweza, sembuse mtu mwenye ngazi ya chuma?

TUFANYE NINI?

1. Usijenge wala kuongeza roshani karibu na waya za juu. Mjenzi anayepandisha vyuma ghorofani aangalie kwanza waya ziko wapi.

2. Usifunge kamba ya nguo, antena wala kibanda kwenye mlingoti.

3. Ukataa "sambaza". Anayepanda mlingoti usiku kukuunganishia stima ya bei rahisi yuko hatua chache tu kutoka kwa volti 11,000, na akikosea, makosa yanashuka na waya hadi kwako.

4. Ukiona transfoma inavuja mafuta, sanduku liko wazi, ama waya wa shaba umekatwa, piga ripoti Kenya Power na umwarifu mzee wa mtaa. Usijaribu kurekebisha mwenyewe.

5. Waya ikianguka, kaa mbali angalau mita 10 na uwazuie watoto. Usiiguse hata kwa kijiti, na usimvute aliyenaswa mpaka stima izimwe.

Kile kibao chenye neno HATARI hakikuwekwa pale kama pambo. Wafundishe watoto wako kukisoma kabla hawajajifunza kupanda.