Tope la Jumamosi, nani atalibeba?

Jumamosi moja ya mwezi Machi nilikuwa na majirani kama arobaini kando ya mtaro mmoja hapa Dar es Salaam. Tulianza saa moja asubuhi. Vijana waliingia mtaroni na mabuti yao, kina mama wakapokea ndoo za tope ukingoni, wazee wakawa wanatenga chupa za plastiki na kuzijaza kwenye viroba. Tope la mtaro lina vitu vyake: ndala ya mguu mmoja, nepi, vifuu vya nazi, mifuko iliyokwisha kuwa myeusi, na chini ya yote mchanga mzito unaong'ang'ania koleo. Ilipofika saa nne maji yalikuwa yanapita kwa sauti, na watu wakapiga makofi. Ndipo bibi mmoja, ambaye nyumba yake imepakana na mtaro ule, akamuuliza kijana aliyekuwa akituongoza, "Mwanangu, na gari la kubeba hili tope linakuja saa ngapi?"

"Bibi, tutaliulizia Jumatatu," kijana akajibu.

Gari halikuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameliomba. Tope likabaki limerundikwa ukingoni. Jumanne mvua ilinyesha, na sehemu kubwa ya lundo lile ikarudi mtaroni ilikotoka. Ijumaa nilimkuta bibi yule anachota maji sebuleni kwake kwa beseni.

Kazi yangu ni mazingira ya mijini, na tangu siku ile swali la bibi ndilo la kwanza ninalouliza kila nikialikwa kwenye mtaa wenye watu wanaojitolea. Kazi ya wananchi na kazi ya halmashauri hukutana mahali fulani, na aghalabu mambo huharibikia hapohapo zinapokutana. Mahali hapo pa kukabidhiana pakiandaliwa mapema, jasho la watu halipotei. Pasipoandaliwa, tunasafisha mtaro uleule kila mwaka huku maji yakizidi kupanda ukutani.

Hesabu ya tope

Chukua mtaro wa zege wa kawaida, wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Ukijaa tope hadi nusu, wengi hudhani bado unapitisha nusu ya maji yake. Sivyo. Nafasi ikipungua, maji husuguana zaidi na kuta na lile tope, kwa hiyo kasi nayo hupungua. Kwa hesabu za wahandisi, mtaro huo hubaki na uwezo wa asilimia 40 hivi. Kisha hasara huzaa hasara: maji yakienda polepole, mchanga yaliokuwa yanausukuma hutua. Mfuko mmoja ukinasa mdomoni mwa kalavati, majani hunasa juu ya mfuko, mchanga hutua nyuma ya majani, na kabla msimu haujaisha pale pamekuwa na ukuta.

Sasa tulitoe tope hilo kwenye mita 100 tu za mtaro. Ni mita za ujazo 18. Likiwa bichi lina uzito wa zaidi ya tani 30. Watu arobaini wenye makoleo wanaweza kulipandisha ukingoni kwa asubuhi moja au mbili za kazi ngumu. Lakini kulipeleka barabarani kwa toroli, ambalo hubeba kama lita 65, ni safari zaidi ya 270. Kutoka barabarani hadi dampo la Pugu Kinyamwezi hakuna toroli wala guta litakalofika na mzigo huo. Hapo panatakiwa lori, na lori la tani 7 litakwenda safari tano.

Hesabu hii ndiyo inayochora mpaka. Kuchimbua, kutenganisha taka na kulinda mtaro usitupiwe uchafu tena ni kazi ambazo wakazi wanaziweza, tena kuliko mtu yeyote wa kutoka nje. Kusafirisha tani 30 hawawezi, hata wangekuwa na moyo kiasi gani.

Mtaro mmoja, wenyewe wengi

Wakazi wakisema "serikali ije" husema kana kwamba wanamwita mtu mmoja. Mtaro ulio kando ya barabara ya mtaa uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Ule ulio kando ya barabara kuu ni wa TANROADS. Mto unaopokea maji ya mitaro hiyo, kama Msimbazi, unasimamiwa na bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu. Taka ngumu ni jukumu la halmashauri, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalisema hilo wazi. Sheria hiyohiyo ndiyo inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Ofisi iliyo karibu na watu ni ya serikali ya mtaa, na pale kuna watu wawili ambao wakazi wengi huwachanganya. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi. Akiita mkutano, watu huja. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa. Akiandika barua, barua hiyo ina pa kwenda: kwa mtendaji wa kata, kisha kwa watu wa usafi na mazingira halmashauri, na nakala kwa TARURA. Hakuna kati yao mwenye lori. Kikundi kinachokwenda kwa mwenyekiti peke yake hupata watu na kukosa gari. Kinachokwenda kwa mtendaji peke yake kinaweza kupata gari, likifika asubuhi likute mtaro hauna mtu. Wote wawili wanatakiwa waketi meza moja, na barua itoke wiki mbili au tatu kabla ya siku ya kazi, ikitaja siku, saa, mahali lori litakaposimama na idadi ya safari. Barua inayoomba "msaada wa usafi" ni rahisi kuwekwa kando. Inayoomba "lori la tani 7, safari moja, saa nne asubuhi" inampa ofisa kitu cha kupanga, na hata akikataa atalazimika kueleza sababu.

Macho ya wenyeji

Kuna jambo jingine ambalo wananchi wanalo na ofisi haina, nalo ni kulijua eneo lao. Mwezi Agosti 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliungana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata hiyo njia kwa njia, wakitumia OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichangia. Desemba ya mwaka huohuo Dar es Salaam ilipigwa na mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliobeba wazo lile la Tandale hadi kata nyingine zinazofurika, wanafunzi wa vyuo vikuu wakishirikiana na wakazi, na serikali na Benki ya Dunia zikiwa nyuma yao.

Walitembea na simu na futi ya kupimia. Kila mtaro uliandikwa upana wake, kina chake, na kama ni wa zege au wa udongo. Waliwauliza wenyeviti na wazee maji yalifika wapi: kwenye goti, kiunoni, au juu ya dirisha. Walichora pia mipaka ya mashina, ile ambayo wajumbe wa nyumba kumi walikuwa wanaijua vichwani: mpaka wangu unaanzia mwembe ule hadi duka la fulani. Yaliyokuwa kumbukumbu za wazee yakawa mistari ambayo mhandisi anaweza kuisoma ofisini na kuona maji ya mtaa mmoja yanavyogeuka mzigo wa mtaa wa chini yake.

Huhitaji mradi mkubwa kufanya sehemu yako ya kazi hii. Kata kijiti cha mita moja, kitie alama kila sentimita 10, chagua mahali kumi kwenye mtaro wenu, na kila mwezi pimeni kina cha tope palepale. Andikeni kwenye daftari tarehe, mahali na kipimo, na pigeni picha moja. Baada ya miezi sita mtakuwa mnajua ni wapi mtaro unaziba kwanza, na mara nyingi jibu litawashangaza. Huenda taka za kaya zikawa na hatia ndogo kuliko rundo la mchanga la mjenzi mmoja, au kalavati iliyowekwa juu kuliko sakafu ya mtaro.

Daftari hilo lina wakati wake wa kutembea. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi mingi kabla ya hapo. Anayepeleka ombi la kalavati mwezi Mei, maji yakiwa ndani, amekuta chakula kimeshapakuliwa. Vipimo vifike kwenye kamati ya maendeleo ya kata mwishoni mwa mwaka, vikiwa mkononi mwa diwani, ili naye aingie kwenye baraza la madiwani na kitu cha kuonyesha.

Baada ya beleshi, kikao

Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilifutwa Tanzania na siku ikatumika kwa usafi nchi nzima. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Ni utaratibu mzuri, lakini nimeona mara nyingi watu wakinawa mikono na kutawanyika. Rwanda nao hutumia Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, na huko kazi ikiisha wakazi huketi na viongozi wao kuzungumza mambo ya mtaa. Kikao hicho ndicho ningependa tukiige. Nusu saa inatosha: tumefanya nini, kimebaki nini, nani anakifuatilia, lini tutajibiwa. Jirani aliyetoka kuinua tope na mtendaji wake wanazungumza kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu wote wawili wametoka kuliona.

Na viongozi nao wana deni. Mkazi anayelipa ada ya taka kila mwezi asiambiwe kwamba Jumamosi yake ndiyo itakayoziba pengo la gari lisilokuja. Kujitolea kunakogeuzwa mbadala wa huduma iliyokwisha kulipiwa huchosha watu, na mtu aliyechoshwa hivyo kumrudisha ni kazi. Tena tope la mtaro ni hatari: lina vinyesi, vioo na misumari, na mji wetu unakijua kipindupindu. Glovu na mabuti visitegemee mfuko wa kijana anayejitolea. Afisa afya wa kata aje navyo, na aje na sabuni na maji.

Kikundi kinachodumu kisajiliwe, kiweze kukopa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nimeona vijana walioanza kwa kusafisha mtaro wakafikiria guta, kisha kuuza chupa za plastiki na kuozesha mabaki ya jikoni yawe mbolea. Kila chupa inayouzwa na kila ganda la ndizi linalogeuka mbolea ni mzigo ambao mtaro hautaubeba.

Mita ishirini

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye mtaro ule. Safari hii mkutano ulifanyika Januari, na swali la bibi likawa ajenda ya kwanza. Jibu lilikuwa chungu: tungeweza kupata lori moja, safari moja kwa wiki. Baadhi ya vijana waliona ni kidogo mno. Tukapiga hesabu pale pale, kwa chaki, kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Lori la tani 7 ni sawa na mita 20 za mtaro. Mita 100 ni Jumamosi tano. Tukianza wiki ya mwisho ya Januari, tunamaliza kabla ya masika.

Tulianzia chini, maji yanakoelekea, tukapanda kuelekea juu, maana ukianzia juu tope unalolikoroga humfuata jirani wa chini. Kila Jumamosi tulichimbua mita 20, hatukuzidisha hata moja, ingawa nguvu ilikuwepo. Tope lililotoka saa tatu lilikuwa kwenye lori saa tano, na ukingo ulibaki mtupu.

Bibi alikuwa akiweka kigoda chake mlangoni na kuhesabu. Jumamosi ya tano, lori lilipoondoka, aliingia ndani akatoka na lile beseni, akalijaza maji safi, akaliweka ukingoni ili vijana wanawe mikono.